Glakoma: Kabla ya kutia matone yenye dawa mbili, jua kilichomo

MGONJWA wa glakoma anapoandikiwa chupa mpya ya matone, swali la kwanza analouliza aghalabu ni hili: Je, dawa hii ni kali kuliko ile niliyokuwa nikitumia?

Ni swali la haki, lakini lipo jingine linalopaswa kulitangulia. Je, ndani ya chupa hii mna nini, na mwili wangu unakihimili?

Swali hilo lina uzito kwa sababu wagonjwa wengi ambao dawa moja haikuwatosha hupewa mchanganyiko wa dawa mbili katika chupa moja. Michanganyiko hiyo ina majina tofauti, vifuniko vya rangi tofauti na bei tofauti. Hata hivyo, mingi kati yake ina dawa moja inayojirudia, timololi, ambayo kwa mwenye pumu inaweza kuhatarisha maisha.

Makala haya yanalinganisha michanganyiko hiyo ili mgonjwa na jamaa zake wajue la kumwambia daktari na la kumuuliza mfamasia. Uamuzi wa kuanza, kubadilisha au kuacha dawa unabaki mikononi mwa daktari wa macho.

Glakoma ni nini?

Jicho hujitengenezea maji safi ambayo hulilisha na kudumisha umbo lake. Maji hayo hutoka kupitia vichujio vidogo vilivyo katika pembe ya mbele ya jicho. Vichujio hivyo vikianza kuyapitisha kwa shida, shinikizo hupanda na kuidhuru neva inayopeleka habari za kuona kwenye ubongo.

Ndiyo maana wengi huuita ugonjwa huu presha ya macho. Jina hilo linaeleweka, ila linaweza kupotosha. Presha ya macho si presha ya damu, na mtu anaweza kuwa na moja pasi na nyingine. Isitoshe, wapo wanaopata glakoma ilhali shinikizo la macho yao limo katika kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida, yaani kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Aina iliyoenea zaidi barani Afrika haiumi wala haiwashi. Huanza kula uwezo wa kuona wa pembeni, huku ule wa katikati ukibaki mzuri kwa miaka. Mgonjwa husoma gazeti bila taabu, lakini hujigonga kwenye fremu ya mlango au hushtuliwa na pikipiki ambayo hakuiona ikija ubavuni.

Hapa ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na aghalabu akaona tena. Kwa glakoma, neva iliyokufa haifufuki, na maji yakimwagika hayazoleki. Matone hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki.

Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2000, uligundua kuwa takriban asilimia 4 ya watu wa umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma. Makadirio ya kimataifa yaliyotolewa mwaka wa 2014 nayo yalionyesha kuwa idadi ya wagonjwa duniani ingefika milioni 76 mwaka wa 2020 na karibu milioni 112 ifikapo 2040.

Familia za dawa

Dawa zote za glakoma zina lengo moja: kushusha shinikizo la jicho. Zinachotofautiana ni njia. Baadhi hupunguza maji yanayotengenezwa, kama mtu anayefunga mfereji. Nyingine hurahisisha maji kutoka, kama fundi anayezibua bomba.

Familia ya kwanza ni ya prostaglandini, nayo ina latanoprosti, travoprosti, bimatoprosti na tafluprosti. Hizi huzibua njia ya maji kutoka. Latanoprosti iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1996, na mwaka wa 2015 ikaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Dawa za familia hii hutiwa mara moja tu kwa siku, na hushusha shinikizo kwa kati ya asilimia 25 na 33 hivi.

Familia ya pili ni ya vizuizi vya beta, ambayo mashuhuri wake ni timololi. Dawa hii imetumika tangu miaka ya sabini. Marekani iliiidhinisha mwaka wa 1978. Hupunguza utengenezaji wa maji na kushusha shinikizo kwa asilimia 20 hadi 25, ingawa nguvu zake hufifia usiku mtu akiwa amelala.

Familia ya tatu huzuia kimeng'enya kinacholisaidia jicho kutengeneza maji. Humo mna dorzolamidi na brinzolamidi. Nguvu zake ni za wastani, takriban asilimia 15 hadi 20, ila zina sifa ya kufanya kazi mchana na usiku.

Familia ya nne ni ya vichocheo vya alfa, na inayotumika zaidi ni brimonidini. Hupunguza maji na pia kurahisisha kutoka kwake. Uwezo wake unakaribiana na wa timololi wakati wa mchana, lakini nao hupungua usiku.

Ipo pia dawa changa zaidi, netarsudili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017. Hii hulegeza vichujio vyenyewe vya jicho.

Msomaji atakayeangalia lebo ya chupa yake ataona majina haya yakiandikwa bila irabu ya mwisho, mathalani timolol au latanoprost. Majina hayo ndiyo ya kukariri, si yale ya kibiashara, kwa kuwa dawa ile ile inaweza kuuzwa na kampuni kumi kwa majina kumi.

Kwa nini zichanganywe?

Kwa kawaida, daktari huanza na dawa moja. Ikiwa haifanyi kazi kabisa, huibadilisha. Ikiwa imefanya kazi lakini haijafikisha shinikizo mahali anapotaka, huongeza dawa ya pili kutoka familia nyingine.

Kila milimita ina thamani yake. Utafiti uliofanywa nchini Uswidi ulionyesha kuwa kila milimita moja ya shinikizo inayopunguzwa huenda sambamba na upungufu wa takriban asilimia 10 wa hatari ya ugonjwa kuendelea.

Mgonjwa anaweza kupewa dawa hizo mbili katika chupa mbili. Tatizo ni kwamba jicho lina nafasi ndogo mno. Tone moja tu tayari huijaza na kumwagika, kwa hivyo tone la pili likifuata upesi huliosha la kwanza. Mgonjwa hulazimika kusubiri dakika tano au zaidi kati ya dawa moja na nyingine, na wengi hawasubiri.

Chupa moja yenye dawa mbili huondoa usumbufu huo. Hupunguza idadi ya matone, na pia kiasi cha kihifadhi kinachoingia jichoni. Kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, huzuia bakteria kuzaana ndani ya chupa, lakini kikitumika miaka mingi huweza kuliacha jicho likiwa kavu na lenye kuwasha.

Hata hivyo, mchanganyiko una kasoro zake. Daktari hawezi kuongeza dawa moja bila kuongeza nyingine. Madhara yakitokea, si rahisi kujua ni ipi iliyoyaleta. Na mgonjwa akisahau chupa moja, amezikosa dawa zote mbili kwa mpigo.

Prostaglandini pamoja na timololi

Kundi hili lina latanoprosti na timololi (Xalacom), travoprosti na timololi (DuoTrav), bimatoprosti na timololi (Ganfort) na tafluprosti na timololi (Taptiqom). DuoTrav na Ganfort ziliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2006.

Fadhila yake kuu ni wepesi wa ratiba: tone moja, mara moja kwa siku, saa ile ile. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi, au mzee anayetegemea mjukuu amtilie dawa, hilo si jambo dogo.

Wagonjwa hulalamikia zaidi wekundu wa macho. Nywele za kope zinaweza kurefuka na kuwa nzito, ngozi ya kope ikawa nyeusi, na mafuta yanayolizunguka jicho yakapungua hadi likaonekana kama limezama. Sehemu yenye rangi inayozunguka mboni nayo huweza kukolea, na mabadiliko hayo huwa ya kudumu. Kwa wenye macho ya kahawia iliyokolea hayatambuliki sana, ila anayetia dawa jicho moja tu aelezwe mapema kwamba macho yake yanaweza kutofautiana.

Uhifadhi ni jambo jingine la kuzingatia. Chupa za latanoprosti na timololi kwa kawaida huhitaji friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kufunguliwa. Zikishafunguliwa huwekwa mahali pasipozidi nyuzi 25 na kutupwa baada ya wiki nne. Kwa mkazi wa Mombasa, Garissa au Lodwar, sharti hilo ni gumu. Ganfort haidai friji, na hilo pekee linaweza kuwa sababu ya daktari kuichagua.

Ni vyema kujua kuwa mamlaka ya dawa ya Marekani haikuidhinisha michanganyiko hii ilhali Ulaya iliikubali. Timololi inapoongezwa juu ya prostaglandini hushusha shinikizo zaidi, lakini ziada hiyo aghalabu ni ya milimita chache tu.

Dorzolamidi pamoja na timololi

Mchanganyiko huu, ambao jina lake la kwanza la kibiashara ni Cosopt, uliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Hutiwa mara mbili kwa siku, na kampuni nyingi huutengeneza kwa majina mengine yenye bei nafuu.

Kero yake ni kuchoma jicho linapotiwa, na ladha chungu inayofika kooni dakika chache baadaye. Hakuna lililoharibika, ni dawa iliyopita njia ya machozi na kuingia puani na kooni.

La kuangaliwa zaidi ni kuwa dorzolamidi ina uhusiano na dawa za salfa. Aliyewahi kutokwa na malengelenge au vipele vikali baada ya kumeza Septrin au Fansidar lazima amweleze daktari. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa mkali wa figo.

Brinzolamidi pamoja na timololi

Huu uliingia Ulaya mwaka wa 2008 kwa jina la Azarga, na pia hutiwa mara mbili. Uwezo wake wa kushusha shinikizo unalingana na wa dorzolamidi na timololi. Hauchomi sana, lakini huacha ukungu machoni kwa muda baada ya kutiwa, kwani dawa hii ni unga laini ulioelea majini.

Kwa sababu hiyo chupa yake sharti itikiswe vizuri kabla ya kutumiwa. Asiyeitikisa anaweza kuwa anatia maji yenye dawa kidogo mwanzoni mwa mwezi na dawa nzito mwishoni. Dereva naye asubiri ukungu uondoke kabla ya kushika usukani. Tahadhari ya salfa inahusu mchanganyiko huu pia.

Brimonidini pamoja na timololi

Combigan, jina la kwanza la mchanganyiko huu, uliidhinishwa Marekani mwaka wa 2007. Hutiwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12.

Brimonidini ina desturi ya kuleta mzio wa jicho baada ya miezi kadhaa, hata kwa mtu aliyekuwa akiitumia bila shida. Jicho huwa jekundu, huwasha na kope kuvimba. Inapochanganywa na timololi, mzio huo huwa nadra kidogo kuliko inapotumiwa peke yake. Wengine hukaukwa mate na kushikwa na usingizi mchana.

Dawa yoyote yenye brimonidini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kumlegeza na kumzuia kupumua. Bibi au babu anayetumia matone haya aifungie chupa mahali ambapo mjukuu hafiki.

Michanganyiko isiyo na timololi

Wenye pumu au maradhi fulani ya moyo wana michanganyiko miwili ya kuulizia.

Wa kwanza ni wa brinzolamidi na brimonidini, unaojulikana kama Simbrinza. Uliidhinishwa Marekani mwaka wa 2013, ambako hutiwa mara tatu kwa siku, na Ulaya mwaka wa 2014, ambako hutiwa mara mbili. Nao hutikiswa kabla ya kutumiwa. Hubeba madhara ya dawa zote mbili: ukungu, uchungu kooni, usingizi na uwezekano wa mzio.

Wa pili ni wa netarsudili na latanoprosti, ulioidhinishwa Marekani mwaka wa 2019 kwa jina la Rocklatan na Ulaya mwaka wa 2021 kwa jina la Roclanda. Hutiwa mara moja, jioni. Katika majaribio yake, zaidi ya nusu ya watumiaji walipata wekundu wa macho, ingawa wengi wao ulikuwa mdogo.

Mgonjwa asiyeipata michanganyiko hii hajakwama. Daktari anaweza kumpa prostaglandini katika chupa moja na dorzolamidi au brinzolamidi katika nyingine, almuradi asubiri zile dakika kati ya matone.

Ni upi wenye nguvu zaidi?

Waliolinganisha michanganyiko hii ana kwa ana hawakupata bingwa anayewaacha wenzake mbali. Bimatoprosti na timololi huelekea kushusha shinikizo kidogo zaidi kuliko latanoprosti na timololi, lakini huleta wekundu zaidi. Dorzolamidi na timololi hulingana na brimonidini na timololi kwa karibu sana. Netarsudili na latanoprosti ilipopimwa dhidi ya bimatoprosti na timololi, haikuonekana kuwa dhaifu kuliko mwenzake.

Tofauti hizo za milimita moja au mbili huwa hazina maana pindi mgonjwa anapoacha dawa kwa sababu inamchoma, inamlaza kazini au inamaliza pesa za chakula. Mchanganyiko bora ni ule ambao mwili unaukubali, mfuko unaumudu na mkono unaukumbuka kila siku.

Timololi iliyojificha

Tone la jicho halibaki jichoni. Sehemu yake hupitia kijitundu cha machozi hadi puani, na kutoka hapo huingia damuni bila kupitia ini kwanza, tofauti na kidonge. Ndivyo tone dogo linavyoweza kuufikia moyo na mapafu.

Kwa hivyo, timololi haimfai mtu mwenye pumu au aliyewahi kuugua pumu, mwenye ugonjwa sugu na mkali wa mapafu, mwenye moyo unaopiga polepole kupita kiasi, au mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu na ambao haujadhibitiwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ajue kuwa timololi inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, hasa mapigo ya moyo kwenda mbio.

Anayemeza atenolol au dawa nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya presha ya damu tayari ana kizuizi cha beta mwilini. Akiongezewa timololi ya jicho, mapigo yake yanaweza kushuka mno, akahisi kizunguzungu au akaanguka. Daktari wa macho hawezi kulijua hilo asipoambiwa, na wagonjwa wengi hawasemi kwa kudhani kuwa mambo ya jicho ni ya jicho tu.

Hatari nyingine hutokea chupa zinapoongezeka. Chukulia mgonjwa anayetumia Ganfort kila jioni. Shinikizo linakataa kushuka, na katika zahanati nyingine anaandikiwa Combigan. Majina ni mawili na vifuniko ni viwili, lakini timololi ni ile ile, na sasa anaitia mara tatu kwa siku. Angekuwa na chupa ya kwanza mfukoni, kosa hilo lingeonekana mara moja.

Hali kadhalika, prostaglandini mbili hazitumiwi pamoja. Mwenye Xalacom hapaswi kuongezewa latanoprosti, wala kutia mara mbili kwa siku akidhani atapona upesi. Dawa za familia hiyo zikizidishwa, nguvu zake hupungua badala ya kuongezeka.

Mara nyingine hatari hujitokeza dukani, dawa iliyoandikwa inapokosekana na mgonjwa akapewa 'inayofanana nayo'. Afananishe majina ya dawa na asilimia zake kwenye lebo, si rangi ya kifuniko. Timololi ya asilimia 0.5 peke yake si sawa na timololi hiyo ikiwa na dorzolamidi ya asilimia 2. Na ajihadhari na matone yenye steroidi, ambayo wengine hujinunulia kutuliza mwasho: hayo yenyewe yanaweza kupandisha shinikizo la jicho.

Kupima gharama

Bei ya chupa haitoshi kuonyesha dawa ipi ni nafuu. La kuhesabiwa ni gharama ya mwezi.

Anayetia macho yote mawili mara mbili kwa siku huhitaji matone 120 kwa mwezi. Anayetia mara moja huhitaji 60. Chupa ya mililita 2.5 iliyo ghali huenda ikamtosha wa pili mwezi mzima, ilhali yule wa kwanza akamaliza chupa ya mililita 5 kabla ya mwezi kwisha, hasa ikiwa matone mengine yanaangukia shavuni.

Pia aulize kama zile dawa mbili zikinunuliwa katika chupa mbili za kampuni za bei nafuu zinapungukiwa na bei ya mchanganyiko. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Mgonjwa asiyeumudu mchanganyiko aseme waziwazi mbele ya daktari, kwani dawa ya bei ya chini inayotiwa kila siku ni bora kuliko ya bei ya juu inayotiwa wiki mbili na kuachwa.

Kutia matone

Nawa mikono. Inua uso, vuta ukope wa chini ili ufanye kijimfuko, kisha dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Fumba jicho polepole, na ubonyeze kwa kidole pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika mbili.

Kubonyeza huko hufunga njia ya machozi. Dawa hubaki zaidi jichoni, ile inayoelekea moyoni na mapafuni hupungua, na uchungu wa kooni hupungua pia.

Anayevaa lenzi za kugusa jicho azivue kwanza, na asubiri dakika 15 kabla ya kuzirudisha. Chupa iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Nyingi hutupwa baada ya wiki nne hata kama zimebaki na dawa.

Waislamu huuliza kuhusu mwezi wa Ramadhani. Wanazuoni wengi wa zama hizi husema tone la jicho halibatilishi saumu, lakini asiyetulizana na kauli hiyo asiache dawa kimyakimya mwezi mzima. Mchanganyiko wa mara moja kwa siku unaweza kutiwa usiku, na ule wa mara mbili ukapangiwa saa za futari na daku baada ya kushauriana na daktari.

Matone yasipotosha

Wakati mwingine mchanganyiko wenyewe hautoshi, au mgonjwa hauwezi. Zipo njia nyingine, na kuulizia si kumvunjia daktari heshima.

Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti walilinganisha timololi na tiba ya miale ya leza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2021, yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya asilimia 31 ya yale yaliyotiwa timololi. Leza huchukua dakika chache, ingawa nguvu zake zinaweza kufifia na kuhitaji kurudiwa. Upasuaji nao hutengeneza njia mpya ya maji kutoka, na huwafaa zaidi wale ambao ugonjwa umewaendea mbali.

Ya kusema kliniki

Mgonjwa anayeandikiwa mchanganyiko wa matone abebe chupa zake zote, za macho na za maradhi mengine, na aseme bila kungoja kuulizwa kama ana pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari, figo, mzio wa salfa, ujauzito au ananyonyesha.

Kisha aulize mambo manne: Ndani ya chupa hii mna dawa gani mbili? Je, mna timololi? Ile chupa ya zamani naendelea nayo au naiacha? Na shinikizo langu linatakiwa lifike ngapi?

Akianza kukohoa kwa kubanwa, kupumua kwa mlio, kuzimia au kuona moyo ukipiga polepole baada ya kuanza matone mapya, asisubiri siku ya kliniki. Aende hospitalini mara moja akiwa na chupa mkononi.

Jambo la mwisho linawahusu wasiougua. Glakoma hufuata damu, na ndugu na watoto wa mgonjwa wamo hatarini zaidi kuliko watu wengine. Chupa ya matone inapoonekana juu ya meza ya baba au mama, ni ishara kwa watoto waliotimiza umri wa utu uzima kwenda kupimwa shinikizo na neva ya jicho, wakiwa bado wanaona vizuri.